Dawa iko, mtu hayuko

Watu kadhaa waliniomba niandike yale niliyosema kwa mkutano wa walezi wa wagonjwa wa akili pale Manyatta, Kisumu, basi hii hapa. Nimeiacha karibu venye ilitoka mdomoni, nimepunguza tu vichekesho ambavyo havisomeki.

Haya, hamjambo nyote. Wazee wetu, akina mama, mapasta, chifu asante kwa kuja, na nyinyi vijana mlioketi karibu na mlango mkingoja soda, karibuni pia. Waliopanga hii siku wameniambia niongee kuhusu utafiti wa huduma za afya ya akili na venye unaingia kwa kazi ya kila siku ya kliniki, na niliposikia hicho kichwa nikajua nusu ya ukumbi italala kabla sijafika katikati, kwa hivyo wacha niseme mapema nataka kuwaambia nini. Dawa nyingi za akili tulizo nazo zinafanya kazi, na zimefanya kazi miaka mingi tu. Penye tunashindwa ni safari ya kutoka kwa dirisha la dawa mpaka kwa mtu nyumbani, nani anamwona, anamwonea wapi, mara ngapi, kwa pesa ya nani, na asipokuja ni nani anamtafuta. Utafiti wa huduma unauliza hayo. Mimi ni nesi wa akili, na nawaambia hayo maswali yamenibadilishia kazi kuliko dawa yoyote mpya iliyoletwa.

Ule utafiti mwingine mnaujua, wa dawa A na dawa B. Unachagua watu, huyu asiwe na ugonjwa mwingine, asiwe anakunywa chang'aa, nauli analipiwa, akikosa siku anapigiwa simu, na mwisho unaangalia nani amepata nafuu. Ni kazi nzuri na ya lazima. Lakini dawa ikishapita huo mtihani inaletwa kwetu, na kwetu mtu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyoko, na kifua kikuu pamoja, anatoka Nyakach na matatu mbili, na aliyemleta ni nyanya yake ambaye mwenyewe ana presha.

Wacha niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu. Chukua kijana, si mtu mmoja, ni vijana wengi nimewaunganisha hapa ili msianze kukisia ni wa nani. Anadungwa sindano ya kila mwezi ya skizofrenia, ile ya Modecate, na ikimshika yuko sawa kabisa, analima, anachota maji, anabishana mambo ya mpira wa Gor Mahia. Siku ya kliniki anafika na mamake mapema, wanaketi kwa benchi, faili inatafutwa, haionekani, inaonekana. Wanaonwa saa sita. Wanaenda dirishani na yule wa dawa anaangalia karatasi anasema hii hatuna, nunueni nje. Nje ni kemisti ya mjini na bei yake ni karibu pesa ya unga ya wiki nzima. Mama anakunja ile karatasi mara nne anaifunga kwa pembe ya leso na anasema tutarudi mwisho wa mwezi nikiuza omena. Hawarudi mwisho wa mwezi. Wanarudi baada ya muda kijana akiwa nyuma ya pikap amefungwa kamba na binamu zake wanne, na kwa faili mtu anaandika mstari mmoja, amekataa dawa.

Huo mstari ndio utafiti wa huduma unatufundisha tusiuamini haraka. Ukiuamini, utamwongezea kijana kipimo cha dawa, ama utamhubiria mama, na shida itabaki pale pale dirishani. Ukiuliza vizuri unapata maswali mengine kabisa, kwa nini hiyo sindano haiko Katito ama Sondu, karibu na kwao, na nani amesema lazima adungwe na sisi wa mjini.

Hilo swali limejaribiwa. Huko Ethiopia, sehemu za Sodo, walichukua watu wenye magonjwa makali ya akili, hii skizofrenia na baipola, ile ya mtu kupanda sana halafu kushuka sana, ambayo wengi tunafikiri ni ya wataalamu peke yao, wakawagawanya kwa kura. Wengine wakaendelea kuonwa na manesi wa akili, wengine wakahudumiwa na wahudumu wa kawaida wa vituo vya afya vya karibu, waliopewa mafunzo na wakawa wanasimamiwa. Majibu yalichapishwa 2022 kwa jarida la madaktari la Lancet Psychiatry na yalionyesha wale wa kituo cha karibu hawakuwa na hali mbaya kuliko wale wa nesi wa akili. Mimi nesi wa akili ningeweza kuona hayo majibu kama matusi, ati kazi yangu inaweza kufanywa na mtu wa dispensari, lakini nikifikiria ule msururu wa kliniki naona ni afueni. Wao waendelee na yule aliyetulia, mimi nibaki na yule aliyeshindikana. Ila msisahau yale maneno mawili, mafunzo na usimamizi, maana hapa kwetu tunapenda sana semina ya siku tatu, tunapiga picha, tunapewa cheti, na baada ya hapo hakuna mtu anakuja kuuliza unaendeleaje.

Sasa msidhani haya mambo ni ya nchi za watu. Hapa hapa Kisumu kulifanywa majaribio na wanawake 256 wanaoishi na virusi vya ukimwi, ambao pia walikuwa wamepitia ukatili wa kijinsia na walikuwa na depresheni, ile huzuni nzito isiyoondoka, pamoja na ule mshtuko unaobaki mwilini baada ya mabaya. Walipewa tiba ya mazungumzo inayoitwa IPT, inayoangalia mahusiano ya mtu, vikao 12, na waliowapa hawakuwa wataalamu wa akili, walikuwa watu wa hapa waliofundishwa hiyo kazi. Kundi lingine liliendelea na huduma ya kawaida kwanza, halafu nao wakapata zamu yao. Baada ya miezi 3 wale waliopata mazungumzo walikuwa wamepata nafuu wazi kuliko wenzao. Ilichapishwa 2021.

Hapo nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo kazi ya kila siku inabadilika. IPT haianzi na kuuliza una huzuni kiasi gani. Inatafuta shida yako iko kwa gani kati ya sehemu nne: umefiwa, umekosana na mtu wa karibu, maisha yako yamegeuka, ama huna watu kabisa. Basi. Haihitaji kitanda cha hospitali wala mashine. Mama anakuja anasema sista, naumwa kichwa, sili, usiku silali. Kwa kliniki nyingi hadi saa hii ataandikiwa amitriptilini, tembe ya zamani ya depresheni, aambiwe apunguze mawazo, aende. Ukiifuata hii njia unamuuliza, mama, hii ilianza lini. Anakwambia ilianza baada ya mazishi. Mazishi ya nani? Ya mzee wangu. Na baada ya mazishi kukatokea nini? Hapo ananyamaza, anaangalia mlango kama umefungwa, halafu anasema, shemeji amechukua shamba la chini, na watoto wameacha kunisalimia, wanasema mimi ndio nililetea baba yao ugonjwa. Sasa hesabu mwenyewe, amefiwa, amekosana, maisha yamegeuka na hana watu, yote manne kwa mtu mmoja, na sisi tulikuwa tunatibu kichwa.

Simaanishi dawa ni mbaya, msinisikie vibaya hapo, kuna watu nimeona fluoksetini, tembe nyingine ya depresheni, ikiwarudishia maisha. Ndio maana kuna majaribio mengine makubwa yaliyofanywa Kisumu, ya watu 2,162, wagonjwa wa kawaida waliokuja hospitali na wakapatikana na depresheni ama ule mshtuko wa baada ya mabaya, wakagawanywa kwa kura waanze na IPT ama waanze na fluoksetini, na asiyepona kwa ile ya kwanza anaongezewa ama anabadilishiwa. Tazama venye hilo swali ni letu sana. Kila asubuhi mimi naketi na mtu mbele yangu na lazima niamue naanza na nini, na ikikataa nafanya nini. Hakuna kitabu cha London kitanijibu hilo kwa mtu wa Nyalenda ambaye anauza mboga Kibuye na hawezi kufunga kibanda kila Alhamisi kuja kuongea. Kwa mwingine kuongea ndiyo rahisi, kwa huyu tembe ndiyo rahisi, na afadhali tupime kuliko kubahatisha.

Na kabla yetu jirani zetu walikuwa wameshatangulia. Uganda, upande wa Masaka na Rakai, vijiji 30, wakafanya hiyo IPT kwa vikundi, wanawake kivyao na wanaume kivyao, wakiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa kwa wiki mbili. Ilichapishwa 2003. Mwisho wa vikao, kwa vijiji vilivyopata vikundi ni kama watu 7 kwa 100 waliobaki na depresheni kubwa, na kwa vijiji ambavyo havikupata ni kama 55 kwa 100. 2003! Mtoto aliyezaliwa mwaka huo saa hii anapiga kura. Na nyinyi mna chama cha kuchangiana pesa karibu kila siku ya wiki, mnajua kukaa kwa duara, kuweka siri na kutoza faini mwenye kuchelewa, kwa hivyo msiniambie kikundi ni kitu kigeni.

Zimbabwe pia mmesikia, wale nyanya wa kuketi na kuongea na mtu aliyelemewa na mawazo kwa benchi nje ya zahanati, kazi ya Dkt. Dixon Chibanda, majaribio yao ya watu 573 yalichapishwa 2016. Kila mtu anapenda hiyo hadithi kwa sababu ya nyanya. Mimi napenda sehemu ambayo haipigwi picha, kwamba hao nyanya walikuwa na mtu wa kumpigia simu wakikwama.

Sasa nije kwa jambo ambalo wengi wenu liko kwa nyumba zenu na hamlisemi. Mtu amejaribu kujiua, amepelekwa kasualti, ameoshwa tumbo, amepona, anaruhusiwa. Anaenda wapi? Anaenda nyumbani kwenye aibu. Shirika la Afya Duniani lilifanya majaribio kwa miji mitano, Campinas ya Brazil, Chennai ya India, Colombo ya Sri Lanka, Karaj ya Iran na Yuncheng ya China, watu 1,867 waliofika hospitali baada ya kujaribu kujiua. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu wakaongezewa saa moja ya kuongea kabla ya kutoka, halafu wakawa wanatafutwa, kwa simu ama kutembelewa, mara 9 ndani ya miezi 18. Wakiuliza tu, unaendeleaje, unahitaji nini. Kwa wale wa kawaida walijiua watu 18. Kwa wale waliotafutwa walijiua 2.

Wacha nirudie kwa wale waliokuwa kwa simu. 18, na 2. Na hiyo si dawa, ni mtu na simu na daftari la tarehe.

Hilo kwetu lilikuwa na kizuizi kingine, sheria. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hivyo familia zilikuwa zinafika kasualti na hadithi, ati alikunywa kitu gizani akidhani ni maji. Daktari anajua, nesi anajua, mlinzi wa geti anajua, lakini kwa faili inaandikwa ajali, na mtu wa ajali hakuna anayempigia simu baadaye. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu kinakiuka Katiba. Basi ukimleta mtu wako, sema ukweli. Na akitoka usimwache peke yake hizo wiki za kwanza, na kila kitu cha sumu kitoke kwa nyumba, akuulize kwa nini, mwambie ni kwa sababu unampenda.

Kuhusu simu kuna kitu kingine nakipenda, ingawa ni cha dawa za ukimwi. Ilifanywa hapa Kenya na ikachapishwa 2010 kwa Lancet, wagonjwa 538, kila wiki kliniki inamtumia mtu ujumbe, neno moja tu, Mambo? Na yeye anajibu sawa ama shida. Akisema shida ama akinyamaza, nesi anapiga. Waliotumiwa walimeza dawa vizuri kuliko wasiotumiwa, 62 kwa 100 dhidi ya 50 kwa 100. Angalia, hawakumwuliza umemeza dawa, walimsalimia. Sisi wa akili tukipiga simu siku hizi mara nyingi ni kugombana, mbona hukuja, na mtu akiona namba ya kliniki anazima.

Utafiti pia unatuambia tuache vitu, na hapo ndipo sisi wahudumu tunakuwa wagumu. Uingereza waliweka amri za kumlazimisha mtu kuendelea na matibabu akiwa nyumbani, na kila mtu akafikiri bila shaka itapunguza watu kurudi wodini. Wakapima, ikachapishwa 2013, na waliowekewa hiyo amri na ambao hawakuwekewa walirudi hospitali sawasawa, 36 kwa 100 kila upande. Sasa mtu akiniambia hapa dawa ya mgonjwa mkaidi ni sheria kali zaidi na polisi zaidi, mimi namuuliza umepima wapi. Na kuna ile ya wale wale Waingereza ya kuandika mpango na mgonjwa akiwa mzima, kwamba nikizidiwa mniite nani, mnipe nini, msinipe nini. Mara ya kwanza ilipunguza watu kulazwa kwa nguvu, walipoifanya kwa ukubwa zaidi haikuonyesha tofauti, na sababu moja waliyoipata ni kwamba madaktari wengi hawakukaa kwa mkutano kwa moyo, walijaza fomu. Mimi bado naifanya na wagonjwa wangu, kwa kurasa ya mwisho ya daftari la kliniki, na tunaandika na mlezi akiwa hapo. Lakini najua nikianza kuiharakisha nayo itakufa.

Fomu ni shida yenyewe. Kuna ile ya maswali 9 ya depresheni, wengi wenu mmeulizwa, ilipimwa na watu wanaoishi na virusi huku magharibi mwa Kenya na ikaonekana inafaa. Nzuri. Ila nimeona inasomwa kwa mlango wazi, watu watatu wakisikiliza, swali la 9 la mawazo ya kufa linaulizwa kama unauliza una namba ya kitambulisho, na mama anajibu hapana, hapana, hapana mpaka mwisho. Alama sifuri. Hiyo sifuri haina maana yoyote.

Na niwaseme watafiti pia, najua wako hapa, wale wenye lanyadi shingoni. Mradi fulani, siutaji, uliajiri washauri wazuri sana wa mazungumzo, wagonjwa wakawazoea, halafu pesa ikaisha na siku hiyo hiyo chumba kikafungwa, watu wakawa wanakuja wanauliza yule dada yuko wapi na sisi hatuna jibu. Majibu yakapelekwa kwa mikutano ya ng'ambo. Aliyejibu maswali yenu akiwa na njaa hapa Manyatta hakuambiwa iliisha vipi. Mkija tena, andikeni kwa bajeti siku ya kurudi kutuambia, na mwanzoni mkubaliane na kaunti nani atawalipa hao washauri nyinyi mkienda. Hiyo nayo ni utafiti wa huduma, kujua kitu kinaishije mfadhili akiondoka, na kusema kweli nadhani ndiyo sehemu ngumu zaidi ya yote.

Nyinyi walezi nanyi mna kazi. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022 na inazipa kaunti majukumu, si hisani. Kukiitwa kikao cha maoni ya bajeti mnaenda kuongea barabara na soko, sawa, lakini mmoja wenu asimame aulize sindano ya mwezi itafika vituo vya karibu lini, na nani ana orodha ya waliopotea kliniki. Hao wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka manyumbani na mikoba yao, mwambie aliye wa mtaa wako kwamba kwako kuna mgonjwa wa akili, maana asipojua atapima presha ya nyanya na kuenda.

Na leo kabla mtoke, mezani pale kuna kadi. Andikeni namba mbili za simu, si moja, ya mlezi na ya mtu mwingine ambaye mgonjwa mwenyewe anamkubali, na siku ambayo dawa itaisha, si siku ya kliniki, siku dawa inaisha, hizo ni tarehe mbili tofauti na katikati yake ndipo tunawapoteza. Tutapiga kabla. Soda mtapewa baada ya kadi, vijana nimewaona. Sasa maswali, na yale ya SHA, hii bima ya afya ya serikali, msiniulize mimi, pelekeni kwa yule ofisa wa kaunti ameketi safu ya mbele, amekuja mwenyewe na hatumwachilii mapema.